Kioo cha Simu Kinapomkataa Bibi

Bibi katoka kuvuna mpunga, na mwanawe aliyeko Dar es Salaam amemtumia pesa. Anagusa kioo cha simu mara tatu, kimya. Anabonyeza kwa nguvu, bado. Mjukuu wa darasa la tatu anaipokea, anagusa mara moja, inakubali. Watu wanacheka, na bibi kwa aibu anaishia kumtajia mtoto namba ya siri. Kwa familia za wakulima wa Ifakara na Bonde la Kilombero, kisa hiki si kigeni.

Wazazi, kosa si la bibi. Simu janja haipimi nguvu ya kidole, inapima umeme. Chini ya kioo kuna nyaya nyembamba zisizoonekana, zimepangwa kama wavu na zina chaji kidogo. Mwili wetu una maji na chumvi, hivyo unapitisha umeme; kidole kikigusa, chaji ya mahali pale inabadilika. Simu hukagua wavu huo mara nyingi kwa kila sekunde, kisha programu yake inaamua. Doa dogo ni ncha ya kidole. Doa pana huenda ni kiganja au shavu, linapuuzwa. Likitulia karibu nusu sekunde, umeshikilia, likisogea, unatelezesha. Badiliko likiwa dogo mno, simu inaona hakuna aliyegusa.

Hapo ndipo bibi anapokwama. Ngozi yenye sugu za jembe na mundu ni nene na kavu, kwa hiyo alama yake kwenye wavu ni hafifu. Protekta nene ikiwekwa juu, ndiyo kabisa.

Asimame basi kidogo, anawe, ajifute, ajipake losheni na kusubiri iingie. Ajaribu kidole cha mwisho au ubavu wa kidole, ambako sugu ni chache. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuongeza wepesi wa kioo kuhisi mguso. Mtafutieni kwenye mipangilio. Na kama ana kitochi, miamala aifanyie huko. Batani hazichagui ngozi.

Masika yana shida yake. Tone la maji nalo hupitisha umeme, na simu yaweza kulidhania kidole ikaanza kujifungulia mambo. Chaja mbovu nayo huweza kuvuruga vipimo, simu ikajibonyeza yenyewe. Kutuma pesa kioo kikiwa kimelowa ni kujitafutia hasara.

Kuna jambo moja ambalo kioo hakijui hata kidogo: kidole ni cha nani. Kwake, cha mjukuu na cha bibi ni doa tu. Anayetenganisha wawili hao kwenye pesa ni namba ya siri. Kama mtoto, jirani au wakala ameshaijua, ibadilishwe leo, bibi akiibonyeza mwenyewe, na asiharakishwe.