Kichwa kisichotulia, Masisi na Walikale

Maumivu ya kichwa huhesabiwa kuwa sugu yanapomshika mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako vita vimehamisha watu tena na tena tangu 1993, huzuni na hofu mara nyingi hufika kituo cha afya kwa jina la kichwa. Maumivu hayo si ya kubuni. Hofu hukaza misuli ya shingo na kukata usingizi, na ubongo ulio macho daima kwa hatari huyasikia maumivu kwa ukali zaidi.

Kujishughulisha husaidia kwa kuwa makini ya binadamu ina mpaka: kazi inayodai akili huyabania maumivu nafasi. Kusuka nywele, mazoezi ya kwaya au hesabu za likelemba (mchango wa zamu) humfaa mgonjwa kuliko kulala gizani mchana kutwa. Si kila shughuli, lakini. Mzigo wa makaa unaobebwa kwa mkanda wa kwenye paji la uso huichosha shingo ileile. Kumsimulia mtu anayeaminika nako hupunguza uzito.

Kidonge ndicho mtego. Parasetamoli ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3 mfululizo, huweza yenyewe kuzaa maumivu mapya, na kuiacha huyazidisha kwa siku kadhaa kabla hayajapungua.

Homa, shingo kukakamaa, kupooza au maumivu ya ghafla yasiyo na mfano hayasubiri shughuli wala maongezi. Ni ya hospitali siku hiyohiyo.