Picha Iliyokaushwa Kama Michembe

BARAZANI UNYANYEMBE
Na Mashaka Kasanda

Jumamosi iliyopita niliruka kutoka uwanja wa ndege wa Tabora nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sebuleni kwa dada yangu, Isevya. Mpwa wangu alinivisha miwani ya uhalisia pepe, akaukaza mkanda kisogoni, akasema, "Mjomba, usinyanyuke. Ukitaka kuona pembeni, geuza shingo tu." Nikageuza. Bawa la Cessna 172 lilikuwa pale juu ya bega langu la kushoto. Dakika chache baadaye mji ulikuwa chini yetu, reli ya Mwanza imeachana na ya Kigoma, na upande wa kaskazini maji ya bwawa la Igombe yananing'alia.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikalia kiti hicho hicho nikashindwa kumaliza dakika tano. Kila nilipogeuza kichwa, dunia ilichelewa kunifuata, kisha ikaruka ghafla, kisha ikachelewa tena. Niliivua miwani jasho likinitiririka na tumbo limechafuka, dada akanikamulia ndimu kwenye maji.

Kati ya siku hizo mbili kompyuta haikubadilishwa. Ni ile ile aliyoiunganisha kijana mwenyewe kwa vipande vya mtumba alivyoagiza Kariakoo kimoja kimoja, na miwani ni ile ile aliyoletewa na binamu yake anayeishi Muscat. Kilichoongezwa ni programu ndogo ya bure, ya kukuza picha.

Tuanze na lile tumbo, maana ndiko tatizo lilikojificha. Ubongo hupokea habari za mwendo kutoka machoni na kutoka ndani ya sikio. Habari hizo zikipingana, mtu husikia kichefuchefu. Ili zisipingane, miwani inatakiwa ionyeshe picha mpya kama mara 90 kwa sekunde, yaani kompyuta ina milisekunde 11 tu za kumaliza kila picha. Tena zinatakiwa mbili kwa mpigo, moja kwa kila jicho. Miwani ya mpwa wangu ni Quest 2, yenye pikseli 1,832 kwa 1,920 kila jicho. Ukijumlisha macho yote mawili unapata pikseli milioni 7. Skrini ya kawaida ya mezani, ya 1,920 kwa 1,080, ina milioni 2 na kidogo. Kadi ya picha iliyoimudu skrini bila shida inatwishwa mzigo wa zaidi ya mara tatu, na haina ruhusa ya kutua njiani.

Habari za mzigo na njia sisi wa Unyamwezi tumezirithi. Babu zetu walibeba frasila mbili hivi begani kati ya Bagamoyo na hapa, mwendo ambao ndege ingeukata kwa kilomita 690 za mstari ulionyooka. Burton na Speke, mwaka 1857, waliutembea kwa zaidi ya miezi minne. Stanley, mwaka 1871, alitumia miezi mitatu. Chakula cha safari za namna hiyo kilipaswa kuwa chepesi, na chakula chetu chepesi ni kiazi kitamu kilichoanikwa juani: michembe, inayokatwa na kukaushwa mibichi, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza. Wapo wazee wanaosimulia kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa hayo. Sehemu kubwa ya kiazi kibichi ni maji. Yatoe maji, ubebe kilichobaki, ukifika injika chungu, kiazi kitafura.

Programu ile hufanya kazi ya michembe. Badala ya kuichosha kadi ichore pikseli zote, inaiagiza ichore picha ndogo zaidi. Ukichagua kipimo cha 1.5, urefu na upana vyote vinagawanywa kwa 1.5, kwa hiyo kadi inachora asilimia 44 tu ya pikseli zilizohitajika. Kisha, katika sehemu ndogo mno ya sekunde, picha hiyo inafurishwa irudie ukubwa wake kabla haijafika machoni. Na haifurishwi ovyo. Kwa kila pikseli mpya programu huzitazama 12 zilizo jirani, ikatafuta ukingo unaelekea wapi, uwe ukingo wa bawa au wa barabara, halafu ikaujaza kwa kuufuata mwelekeo wake. Ikimaliza hapo, inapita mara ya pili kuunoa uliofifia. Hesabu iliyo msingi wa kazi hiyo inatokana na Cornelius Lanczos, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria.

Njia hii iliyotumika Isevya inaitwa FSR. Kampuni ya AMD iliitoa Juni 2021, na mwezi uliofuata ikauweka hadharani msimbo wake, kila mtu autumie. Inafanya kazi hata kwenye kadi za washindani wake, na kwenye kadi zilizozeeka. Nvidia walitangulia na DLSS, ambayo ina nguvu kuliko hiyo kwa sababu mtandao wake wa neva umefunzwa na unakumbuka picha zilizopita, lakini inadai kadi za RTX. Kadi ya mpwa wangu ni ya kizazi cha nyuma. Alishusha zana ya bure iitwayo OpenXR Toolkit, akaiwasha FSR ndani ya Microsoft Flight Simulator ya 2020, akajaribu vipimo usiku hadi usiku.

Uamuzi wa AMD kuuachia msimbo ule ninauheshimu sana, na nasema hivi nikiwa mtu wa mji ambao vifaa huufikia vimeshapita mikono mitatu. Karibu kila anayetoa ushauri wa michezo ya namna hii humalizia kwa kumwambia kijana anunue kadi mpya. Kwa kijana wa Isevya, Kanyenye au Ipuli ushauri huo ni mlango uliofungwa. Kadi mpya ya nguvu ni fedha ambayo familia ingepaulia nyumba. Anayemwonyesha namna ya kuipunguzia mzigo kadi aliyonayo, amemfungulia mlango ule ule.

Wala si jambo la kitoto. Aprili 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza kifaa cha mafunzo ya urubani kinachotumia uhalisia pepe, kilichotengenezwa na VRM ya Uswisi kwa ajili ya helikopta ya Robinson R22. Saa za sebuleni kwa dada yangu haziingii kwenye leseni ya mtu, hilo lieleweke. Lakini kijana atakayeingia chuo cha urubani akiwa ameshazoea kutazama mwendo, kimo na upeo wa macho kwa mpangilio hataanza sifuri, na saa ya ndege halisi ni ghali mno kuitumia kujifunzia mahali ilipo saa ya kimo.

Kuna mahali michembe hii huharibika, na anayeijaribu ajue mapema. Pa kwanza ni kwenye saa za rubani. Mlima uliofifia kidogo haumdhuru mtu. Namba ya kimo iliyofifia haifai kitu. Mpwa wangu alianza kwa pupa na kipimo cha 2, picha ikateleza kama mafuta, lakini hakuweza kusoma altimita bila kuinamisha kichwa hadi karibu aguse dashibodi isiyokuwepo. Akarudi 1.5. Siku nyingine, akitaka kutua kwa vyombo, hushuka hadi 1.3 na kupunguza mawingu badala yake. Hata DLSS yenye nguvu ina dosari hapo: tarakimu zinazobadilika upesi kwenye skrini za ndege za kisasa huacha vivuli nyuma yake, kwa sababu inachanganya picha ya sasa na zilizopita. Mimi ningemshauri anayeanza achague ndege ya saa za mishale.

Pa pili ni pale ambapo kadi haina kosa. Hesabu za safari, yaani upepo, injini, ndege nyingine, zinafanywa na prosesa, na prosesa ikizidiwa, kuikausha picha hakusaidii chochote, sawa na kumpunguzia mzigo mpagazi wa mwisho wakati aliyekwama ni kiongozi wa msafara. Mchezo wenyewe una ukurasa wa wataalamu unaoonyesha ni nani anayechelewesha. Juu ya Dar es Salaam, kwenye msongamano wa majengo, kompyuta ya mpwa wangu inakwamishwa na prosesa. Juu ya miombo yetu ni kadi, na ndiyo sababu huku FSR ilimponya wakati kule haikumponya.

Mgawanyo huo wa kazi una faida moja iliyonifurahisha kuliko zote. Kwa kuwa mwendo wa ndege hukokotolewa na prosesa, unaweza kuipunguza picha unavyotaka na ndege isidanganye. Nilimwomba aweke mchana wa Oktoba, nyuzi 32, ndege imejaa mafuta na abiria. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kwa joto hilo hewa yake huwa nyepesi kama iliyo zaidi ya mita 2,000. Cessna ilikimbia, ikakimbia, ikabanduka ardhini ikisitasita, na miti ya mwisho wa uwanja ikapita karibu mno. Nilishika kiti cha plastiki kwa mikono miwili.

Hapo nikamsimulia juu ya ndege iliyomalizia safari yake katika mji huu. Tarehe 24 Januari 1920 Vickers Vimy Commercial iliondoka Brooklands, Uingereza, kuelekea Cape Town, ikirushwa na Cockerell na Broome. Mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell alikuwemo kwa niaba ya gazeti la The Times. Ilivuka jangwa na Mto Nile, ikafika hapa, na tarehe 27 Februari ikaanguka Tabora. Waliokuwemo walinusurika, ndege haikuendelea. Waliofika Cape Town mwezi uliofuata walikuwa van Ryneveld na Brand, baada ya kuharibikiwa ndege mbili na kumalizia kwa ya tatu. Mpwa wangu amesoma Tabora miaka yake yote na hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akairudisha Cessna mwanzo wa uwanja, akapunguza mafuta, akaruka tena.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Michembe ikichemshwa hufura, lakini haifuri ikawa kiazi ambacho hakikukatwa. Programu ya kukuza picha inanoa kilichochorwa, na pale ambapo hakikuchorwa kitu, inanoa utupu. Tulipopita juu ya mji nilitafuta soko, nikatafuta misikiti, nikatafuta Kwihara, mahali ilipo tembe ya Livingstone, ambayo ni makumbusho. Nyumba zilikuwepo, nyingi, zimepangwa juu ya picha ya satelaiti kwa kubahatisha: mapaa ya mteremko, kuta za mtindo wa nchi nyingine. Nyumba ya paa bapa la udongo, iliyoipa tembe umbo lake, sikuiona. Miembe ya njia ya misafara ilikuwa madoa ya kijani. Nikamwambia aongeze ukali wa kunoa. Akaongeza, na madoa yakawa madoa yenye kingo kali.

Hapo lawama si ya kompyuta ya mtumba. Kompyuta ya bei ya shamba ingetuonyesha madoa yale yale. Kinachokosekana ni mtu aliyesimama mahali, akapima, akaandika. Na kazi hiyo haihitaji kibali cha Marekani. Simuleta ya X-Plane huchora barabara zake kutokana na OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo mtu yeyote huiongezea. Dar es Salaam wanafunzi wa Ramani Huria waliingia mitaani tangu 2015 wakachora mitaro na vichochoro kwa ajili ya mafuriko, na Crowd2Map imefanya kazi kama hiyo vijijini ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wapatikane na kusaidiwa. Kwenye simuleta ya Microsoft kuna folda iitwayo Community: jengo ulilolichora kwa Blender, programu ya bure, ukiliweka humo linasimama mahali pake. Walimu wa kompyuta wa Tabora, ninawaomba hili kwa dhati: wapeni wanafunzi jengo moja moja la mji wao. Watajifunza vipimo, hesabu, kompyuta na historia kwa kazi moja.

Bibi wa mpwa wangu, yaani mama yangu, aliomba naye avae miwani. Alikaa kimya muda mrefu juu ya Kwihara, shingo ikizunguka polepole, bila kusikia kichefuchefu hata kidogo. Kisha akauliza, "Mwembe wetu wa kupumzikia uko wapi?" Mpwa wangu akashusha ndege, akazunguka mara mbili, akakiri kwamba haupo. Mama akamweleza: ukitoka kwenye tembe, upande jua linakozama, hatua kama arobaini.

Jumamosi hii tunakwenda huko, tutamwomba ruhusa msimamizi wa makumbusho. Kijana atachukua simu kwa ajili ya picha na daftari la vipimo. Mimi nitashika ncha ya pili ya futi kamba.