Rangi ya gari inakufa mapema hapa Uvira: tuangalie maji, sabuni na kitambaa

Gari inaingia Uvira ikiwa bado inang'aa, imetoka Japani, imeshukia bandari ya Dar es Salaam, imefanya safari ndefu mpaka kufika kwetu. Kisha mwaka mmoja, miwili, ile rangi nyeusi imegeuka kijivu. Juu ya kapo kuna madoa meupe yasiyotoka. Ukiisimamisha kwenye jua unaona mikwaruzo midogo midogo inazunguka kama utando wa buibui. Mwenye gari anasema: hawa wauzaji wametudanganya. Mwingine anasema ni jua. Wa tatu anaita fundi apake rangi upya, na pesa ya ada ya shule inaenda huko.

Jua kweli liko na sehemu yake, na vumbi la barabara ya taifa namba 5, kuanzia Kamanyola mpaka huku Kalundu, liko na yake. Lakini sehemu kubwa ya uharibifu tunaifanya sisi wenyewe, siku ya kuosha. Na mahali tunapooshea panagusa hata watu wasio na gari.

Rangi ni nyembamba kuliko tunavyodhani

Gari nyingi za siku hizi ziko na tabaka tatu juu ya bati. Chini kuna rangi ya kwanza inayosaidia kuzuia kutu. Katikati ndiyo rangi yenyewe: nyekundu, nyeupe, buluu. Juu kabisa kuna verni isiyo na rangi, na ndiyo inayoleta mng'ao. Hiyo verni mara nyingi iko na unene wa mikroni 40 hadi 50. Mikroni elfu moja ndiyo inafanya milimita moja. Unywele wa kichwa chako uko na karibu mikroni 70. Kwa hiyo kinacholinda rangi ya gari yako ni chembamba kuliko unywele.

Sasa angalia tunavyoosha. Kijana anaingiza gari mpaka kwenye maji ya mto. Sponji moja, ndoo moja. Anaanza na magurudumu yenye matope, kisha sponji ileile inapanda mlangoni na juu ya kapo. Ikianguka chini kwenye mchanga, anaiokota, anaisuuza kidogo, anaendelea. Kila chembe ya mchanga ndani ya sponji inakata verni, na hiyo ndiyo mikwaruzo unayoiona juani.

Halafu sabuni. Sabuni ya unga ilitengenezwa kwa nguo. Ni kali, inatoa hata ile nta kidogo iliyokuwa inalinda verni. Wengine wakimaliza wanapangusa gari na mazuti ili ing'ae. Inang'aa, ndiyo, mpaka jioni. Mazuti yanashika vumbi lote la njiani na yanalegeza mipira ya milango na ya vioo.

Maji ya ziwa na maji ya mto si sawa

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maji ya Ziwa Tanganyika yamebeba madini mengi, hasa manyezi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo inaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Ni maji yenye asili ya magadi: kwenye kipimo cha pH yanakaribia 9, wakati maji ya kawaida yako kwenye 7. Ukiosha gari kando ya ziwa saa sita mchana na kuiacha ikauke yenyewe, maji yanaruka na madini yanabaki. Hayo ndiyo yale madoa meupe ya mviringo. Yakikaa wiki nyingi chini ya jua, yanakula verni na kuacha alama ndani yake.

Maji ya mito inayoshuka milimani, kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, hayana madini mengi kama ya ziwa. Lakini wakati wa mvua yanashuka na udongo na mchanga. Kwa hiyo ziwani unapata madoa, mtoni unapata mikwaruzo. Dawa ni ileile: kuosha asubuhi au jioni, kumwaga kwanza maji mengi ili mchanga uanguke, kutumia ndoo mbili (moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa), kuanzia juu na kumalizia magurudumu, kisha kukausha na kitambaa laini mbele jua halijafanya kazi yake. Doa jipya la madini linatoka kwa siki iliyochanganywa na maji. Pangusa, kisha suuza mara moja.

Kupolisha na kupaka rangi upya ni vitu viwili

Katika miji mikubwa kama Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kuna karakana zinazofanya kazi moja tu: kurudisha uzuri wa rangi bila kupaka nyingine. Fundi anaosha, anatoa uchafu ulioshikamana, kisha kwa masheni na dawa ya polishi anapunguza verni kidogo sana, mikroni chache tu, mpaka mikwaruzo ipotee. Mwisho anapaka nta. Kwa kuwa kila polishi inakula verni, kazi hii haifanywi kila mwezi. Ukifika mwisho wa verni, rangi inabaki uchi na hapo kweli utahitaji kupaka upya.

Kwetu, gari ikififia kidogo inapelekwa moja kwa moja kwenye pistole. Inapakwa njiani, vumbi linapita, pikipiki zinapita. Na wenye kupaka hawavai kitu puani. Dawa ya kukaza rangi inayochanganywa kwenye rangi nyingi za gari iko na kemikali zinazoweza kumletea fundi pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii mvuke huo. Kinachohitajika ni kinyago chenye kichujio cha makaa, na hata hicho fundi akitumie mahali penye hewa nyingi, mbali na watoto.

Wenye gari za zamani, zile Land Rover na Toyota za wazazi ambazo bado zinatembea, wawe waangalifu zaidi. Nyingi za wakati ule hazina verni. Rangi ya juu ndiyo rangi yenyewe. Pangusa sehemu iliyofichika na kitambaa cheupe chenye polishi kidogo: kikichukua rangi ya gari, ujue hakuna verni, na kila polishi inapunguza rangi yenyewe. Na anayenunua gari ya mkono wa pili achukue sumaku ndogo. Mahali sumaku haishiki kwenye bati, mara nyingi kuna mastiki chini ya mng'ao.

Mto ni wa nani?

Tukiishia kwenye verni tutakuwa tumesema nusu. Palepale gari inapooshwa, mama anachota maji, watoto wanaoga, vyombo vinasuuzwa. Mafuta ya injini, grisi na sabuni vinashuka pamoja.

Tuwe wakweli: sabuni ya gari haileti kipindupindu. Kipindupindu kinaletwa na kinyesi ndani ya maji. Lakini kijana anayeshinda mtoni kutwa nzima, bila choo karibu, bila maji safi ya kunywa, yuko katikati ya hatari hiyo, na wanaochota chini yake pia. Uchunguzi uliofanywa hapa Uvira na kutolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa wanaoingia kituo cha kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa 155% katika siku 12 zilizofuata. Robine zikikauka, sote tunarudi mtoni: mama na bidoni, kijana na gari. Baada ya mafuriko ya mwezi wa nne 2020, Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji, tuliona jambo hilo kwa macho yetu.

Sheria iko. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 na sheria ya maji ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015 zinakataza kuchafua maji. Lakini kuwafukuza vijana na fimbo hakujengi kitu. Watarudi jioni, au watakosa mkate, na kila mtu hapa anajua kijana aliyekosa kazi anaishia wapi.

Kinachowezekana

Kinachohitajika si kiwanda. Wakubwa wa mji waonyeshe viwanja viwili au vitatu, mbali na ukingo wa mto. Chini kuwe na mawe, pembeni shimo la changarawe na mchanga linaloshika mafuta mbele maji hayajaendelea. Paa moja la bati likusanye maji ya mvua, ambayo hayaachi madoa meupe. Choo kimoja. Kwa ndoo, gari ndogo inatosheka na bidoni tatu. Vijana wajipange katika shirika lao, walipe kodi moja inayojulikana badala ya kulipa huyu na yule.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Kijana anayefahamu ndoo mbili, kitambaa safi na nta anakuokolea gharama ya kupaka rangi upya, na anastahili kulipwa zaidi ya yule wa sponji ya mchangani. Sisi tukiendelea kutafuta bei ya chini kabisa, hata kiwanja kikijengwa kitabaki tupu, na gari zitaendelea kushuka mtoni.

Wewe unayesoma kutoka Kavimvira, Kiliba, Sange au Makobola: kwenu gari zinaoshewa wapi, na nani anachota maji chini yake? Nenda ukaangalie, kisha umuulize shefu wa mtaa wako.