Hilali ya Plastiki Haiuzi Halua

Ninauza halua, kashata, visheti, ubuyu na pipi za watoto katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, na leo nina neno na wenzangu wa biashara hii, wa hapa na wa Bara. Kila sikukuu tunatoa pesa kupamba maduka, lakini pesa zenyewe zinaishia kwenye vitu tusivyoviuza. Mpita njia akitupa jicho kwenye kioo anaona hilali ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, nyota za karatasi ya kung'aa na taa za kumetameta. Halua imo ndani ya ndoo yenye kifuniko, chini ya meza.

Nasema hivi: katika duka la vitamutamu, pambo la msimu ni kitamutamu chenyewe, kikipangwa kwa namna ya kumjibu mteja swali alilokuja nalo. Swali hilo siku za sikukuu ni moja: nimpelekee nani, nini? Kitu chochote kilichopo dirishani ambacho hakisaidii kulijibu kinakula nafasi na umeme bure.

Tuanze na Ramadhani, kwa kuwa ndiyo msimu mkubwa na ndio tunaoupanga ovyo zaidi. Ramadhani ya Unguja ina saa zake. Asubuhi hadi mchana mji umefunga, na kumtandazia mtu sinia la visheti mbele ya macho yake saa tano ya asubuhi ni ukosefu wa adabu. Saa hizo dirisha langu nalifunika kwa kawa, zile za ukili wa rangi wanazosuka kina mama kwa kufunikia vyakula. Nazipanga kubwa kwa ndogo, nyekundu, zambarau na kijani, na watu husimama kuzitazama. Kila apitaye anaelewa kwamba chini yake mna kitu, na anaijua saa ya kufunuliwa.

Baada ya sala ya Alasiri nafunua. Toka hapo hadi adhana ya Magharibi, mteja ni mtu mwenye njaa na haraka. Hana nafasi ya kuuliza bei wala kungoja mizani. Kwa hiyo mbele kabisa naweka kaimati zilizokwisha kolea shira, visheti, tende na vileja, vyote vimepimwa na kutiwa kwenye mifuko ya khaki, bei imeandikwa kwa kalamu nene inayosomeka kutoka upande wa pili wa uchochoro. Halua saa hizo inakaa nyuma, maana walaji wake wengi huitaka usiku, pamoja na kahawa chungu.

Likiingia kumi la mwisho, dirisha zima linageuka. Sasa wanaokuja ni kina mama waliotoka tarawehe, na fikra zao zimeshahama futari ya leo zimekwenda kwa wageni wa Idi. Hapa halua inachukua nafasi yake ya mbele, nayo ina masharti. Halua imekorogwa motoni muda mrefu, wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, mpaka ikawa na ule mng'ao wake. Ukiiwekea taa nyeupe ya mrija juu yake, mng'ao unakufa na rangi inapauka, mteja akadhani ni ya juzi. Iwekee balbu ya mwanga wa njano, tena kwa ubavuni, uone inavyowaka kama kaharabu. Kata kipande kimoja, kiache kwenye sahani mbele ya sinia, ili lozi zilizomo ndani zionekane. Kipande hicho kimoja kinaeleza kuliko bango.

Kisha vinakuja vikapu vya ukili, vidogo, vya kati na vikubwa, kila kimoja na kikaratasi chake: cha jirani, cha bibi na babu, cha mkwe. Bei iko chini ya jina. Kabla ya vikaratasi hivi, mteja alikuwa akisimama anahesabu kilo na kuogopa kuuliza. Siku hizi anasoma, anatabasamu, anaonyesha kwa kidole. Kikapu cha mkwe ndicho kinachotoka mbio kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayetaka kusemwa ubahili na wakwe siku ya Idi mosi.

Na Idi yenyewe? Hapo dirisha la watu wazima limeshamaliza kazi. Sikukuu yetu ni siku nne, na wenye siku hizo ni watoto. Wamevaa nguo mpya, wamepita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na jioni wanaelekea kwenye viwanja vya sikukuu na sarafu mfukoni. Mtoto wa miaka sita macho yake yako kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Wenzangu wanaopanga pipi kwenye rafu ya juu wanamwuzia nani? Mimi naziteremsha hadi barazani: chupa za kioo zenye gubiti, ubuyu mwekundu, kashata za karanga na pipi za maziwa, kila chupa na bei ya sarafu moja. Shilingi mia, mia mbili, mia tano. Mtoto anahesabu mwenyewe, anachagua mwenyewe, analipa mwenyewe. Hiyo ni furaha ya Idi kwake, na mwakani atakuja tena.

Wa Bara wasidhani nawasahau. Mtoto wa kaka yangu ana duka Kariakoo, na kila Desemba anabandika pamba kwenye kioo iwe theluji. Desemba, Dar es Salaam, jasho linatiririka! Nilimwambia theluji ya nchi hii iko juu ya Mlima Kilimanjaro, na kama anaitaka, basi awatazame wateja wake wanaokwenda huko. Mwisho wa Desemba Wachaga wanarudi kwao kula Krismasi, na si wao peke yao. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi kinajaa watu wenye mizigo, na kila mwenye mzigo anajua kuna mtoto kijijini atakayeuliza, "Umeniletea nini?"

Hiyo ndiyo Krismasi ya muuza pipi wa Kariakoo: ni msimu wa safari. Dirisha lake lilipaswa kuonyesha maboksi yaliyofungwa kwa kamba ya katani, yanayokaa mapajani kwenye basi bila kupondeka: la bibi na babu, la watoto wa nyumba nzima, la jirani aliyebaki akilinda shamba. Kijana alinicheka. "Shangazi, watu wanataka Krismasi ya kwenye televisheni." Hata hivyo ana heshima, akanipa nusu ya kioo. Ile nusu ya maboksi alikuwa akiijaza upya kila jioni. Nusu ya pamba ilikaa mpaka Januari, imeshika vumbi la Kariakoo na haijamwuzia mtu kitu.

Najua yapo majibu. La kwanza, kwamba vijana wanapenda kupiga picha, na picha za simu siku hizi ndizo tangazo. Nakubali kabisa. Lakini kijana hapigi picha kitu alichokiona kwenye kila duka toka Darajani mpaka Mlandege. Anapiga picha kawa zilizopangana na halua iliyoshika mwanga, kwa kuwa hivyo havipo kwenye simu ya mwenzake.

Jibu la pili lina uzito zaidi: bidhaa ikikaa dirishani inaharibika. Kweli, si kila kitamutamu kinavumilia kioo, na mpangaji asiyejua hilo atapata hasara. Chokoleti inaanza kulegea mapema na inayeyuka kwenye nyuzi joto kiasi cha 34, nacho kioo kinachopigwa na jua la mchana kinapita hapo bila taabu. Ikishayeyuka na kuganda tena inatoka utando mweupe, na mteja ataiona ina ukungu hata kama inalika. Dawa yake ni kupanga maboksi matupu dirishani na kuiweka chokoleti yenyewe kivulini. Pipi za sukari zinavuta unyevu, na mji wetu wa pwani una unyevu wa kutosha, kwa hiyo zinataka chupa yenye kifuniko cha kubana. Kashata za nazi hazikai sana, basi toa chache asubuhi, ongeza jioni. Karatasi nyekundu ya mapambo inapauka juani, itazame kila wiki. Na sisimizi hawajui sikukuu: miguu ya meza iingie kwenye makopo ya maji. Haya yote ni kazi, lakini ni kazi ya duka. Plastiki haina kazi kwa sababu haina maisha.

Nina hoja nyingine inayonikera. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na sisi Zanzibar tulishatangulia miaka mingi kabla. Tukajifunza kufunga bidhaa kwenye karatasi na vikapu, tukajisifu. Halafu sikukuu ikija tunaagiza plastiki kwa maboksi ili tuitundike siku chache na kuitupa jaani. Pesa ile ile ingeweza kwenda kwa kina mama wanaosuka ukili mashamba na Pemba, na kawa zao unazitumia msimu hadi msimu.

Linabaki suala la kalenda. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, na Idi na Maulidi zinaifuata. Wazee wetu hawakupata tabu, walihesabu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Sita wa Maulidi, wakajua soko litataka nini. Muuza vitamutamu wa leo anahitaji kalenda zote mbili ukutani. Na aangalie mbele: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena katika wiki ya mwisho ya Desemba. Krismasi ya mwaka huo haitakuwa imeondoka kwenye kioo kabla tende na kaimati hazijabisha hodi. Mwenye boksi la theluji na boksi la hilali atagombana na madirisha yake. Mwenye kupanga kwa bidhaa atabadilisha vikaratasi, ataleta kawa mbele, atateremsha maboksi ya safari, biashara iendelee.

Na kila msimu uteremshwe ukiisha. Asubuhi ya baada ya Idi nne, dirisha langu linarudi kuwa la kawaida: halua, ubuyu, kashata, basi. Duka linalovaa Idi mwezi mzima linawafundisha wateja kutolitazama, na msimu ujao ukija macho yao yamekwisha zoea.

Wenzangu, fanyeni jaribio lisilo na gharama. Tokeni nje, vukeni njia, piteni mbele ya maduka yenu kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kama kabla hujamaliza kulipita duka lako hujajua utampelekea nini mama mkwe wako na kwa bei gani, ondoa kitu kimoja dirishani, upite tena. Endelea hivyo mpaka ujue. Na wanaotaka vikapu vya ukili kwa Idi ijayo waagize mapema, mwezi wa Rajabu, kwani kumi la mwisho wasusi hawana mkono wa ziada, na mimi nimeshatia oda yangu.