Boksi Si la Kuwashia Mkaa

Wazazi wa Mwanza, waachieni watoto maboksi. Pale Mabatini wapwa zangu walijenga ngome sebuleni kwa maboksi ya sabuni na gundi ya uji wa ngano. Mama mkubwa akawafokea warudi kwenye homuweki ya likizo. Homuweki gani itamfundisha mtoto wa miaka sita kwamba boksi lililolowa halibebi mnara?

Wala ngome si lazima iwe ya Ulaya. Kule Bujora, banda la ngoma za watemi wa Kisukuma lina umbo la kiti cha enzi. Kuna mtu aliwaza kiti kiwe nyumba. Wazo kama hilo halitoki kwenye karatasi ya maswali.

Tunalia hatuna wabunifu, huku karakana yao ya kwanza tunaitia jikoni.