Zahanati Bila Mganga

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Siku zile madaktari wazalendo wa Tanganyika nzima walihesabiwa kuwa 12 tu. Sababu ilikuwa wazi: wakoloni hawakutusomesha. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kikafunguliwa Dar es Salaam, na hesabu ile ikaanza kupanda.

Leo hatuwezi kujificha nyuma ya sababu ile. Mwaka 2017 Serikali ilipokubali kupeleka madaktari 500 nchini Kenya, vijana wetu wenye shahada walijitokeza. Mpango ulipozuiwa mahakamani huko Kenya, 258 kati yao wakapewa ajira hapa hapa nyumbani. Basi madaktari walikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi za kazi.

Lakini nafasi peke yake haitoshi. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Katika Mkoa wa Singida wananchi walichanga, wakafyatua matofali na kusomba mawe. Jengo, hata hivyo, halitibu mtu. Mwananchi wa Mitundu au Rungwa, kusini ya Itigi, anahitaji mtu mwenye ujuzi karibu naye, kwa maana mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja barabara ya masika ikauke.

Wako wanaosema kwamba vijana wetu wamekosa uzalendo. Sisi hatukubaliani nao. Daktari akipelekwa mahali pasipo nyumba, pasipo maji, wala mwenzake wa kushauriana naye, akasahauliwa huko miaka mingi bila ya kurudishwa masomoni, ataomba uhamisho, na yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo.

Dawa yajulikana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mwaka 2010, likaurudia mwaka 2021: wasomesheni vijana waliotoka vijijini, kwa kuwa hao ndio wepesi wa kurudi vijijini, na wapeni makazi bora.

Kwa hiyo twaitaka Serikali, inapogawa ajira, iwatangulize watu wa mbali kabla ya miji. Twazitaka halmashauri za Mkalama, Ikungi, Iramba, Manyoni na Itigi zisihesabu zahanati kuwa imekwisha mpaka nyumba ya mganga iwe imeezekwa. Na ninyi wanachama na wafanyakazi, ulizeni katika mikutano yenu: mganga wetu analala wapi, na ni vijana wangapi wa wilaya yetu wanaosomea udaktari? Kiongozi asiye na jibu apewe muda wa kulitafuta, kisha aulizwe tena.