Biashara ya Jamii na Mwenye Mizani

Limezuka mjini kwetu jina tamu, nalo ni biashara ya jamii. Latajwa kila siku katika kumbi za mikutano, na alitajaye hudhaniwa kuwa amekwisha tenda wema. Sina ugomvi na jina. Ugomvi wangu ni na wale walivaao pasipo haki. Biashara haiwi ya jamii kwa kuwa mwenyewe ana huruma. Huwa ya jamii pale watoao jasho wanapokuwa na sauti katika kupanga bei na kugawa faida.

Tutazame Kipawa, kata iliyo jirani na kiwanja cha ndege, katika njia iendayo Pugu. Alfajiri waokota makopo, wake kwa waume, hutoka na viroba vyao mgongoni, wakapita majalalani na penye baa wakikusanya chupa za plastiki. Jioni huzipeleka kwa mnunuzi, zikapimwa kwa kilo. Mizani ni yake, bei ni yake, na daftari, kama lipo, ni lake. Mwokotaji hajui kiwanda kimelipa nini kwa mzigo ule ule. Basi hata akija mfadhili akamwita mnunuzi huyo mwokozi wa mazingira, na picha zikapigwa, mwokotaji ataondoka na fedha zile zile.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, kikafuatwa mwaka 1933 na KNCU, wakauza mazao yao kwa pamoja. Kanda ya Ziwa, malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya wakulima, hata ukaundwa mwaka 1955 muungano wa vyama vya Victoria ulioongozwa na Paul Bomani. Mizani, tena! Waokota makopo wa leo ni ndugu wa wakulima wale, ila hawajaambiwa.

Wapo watakaonijibu kwamba ushirika ulijaribiwa ukashindwa. Ni kweli kwamba tume ya mwaka 1966 ilikuta wizi na uendeshaji mbovu katika vyama vingi. Walakini mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Je, mtu aliyenyang'anywa jembe aweza kulaumiwa kwa shamba kuota magugu? Wizi ule ulistawi kwa sababu hesabu hazikusomwa mbele ya wenye mali. Dawa yake ilikuwa kuzisoma.

Sheria yaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024. Ni jambo jema. Lakini vikundi vingine huzaliwa kwa ajili ya fomu ya mkopo, na fedha zikishagawanywa wenyewe hawajuani tena. Ningependa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iwakopeshe waokotaji wa Kipawa mali isiyogawanyika: mizani, ghala, na mashine ya kushindilia chupa, ili wauze kwa shehena moja kwa moja kiwandani. Na sharti liwe kura moja kwa kila mtu, na hesabu zisomwe kwa sauti kila mwezi.

Tena zisomwe kwa Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa lugha hii, na nimeona katiba za vikundi zilizoandikwa kwa Kiingereza ili zimpendeze mfadhili, huku wanachama wakizitia dole gumba. Mali gani hiyo ambayo mwenyewe hawezi kuisoma?

Chama cha namna hii chaweza kuandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Hakingoji sheria mpya, wala semina nyingine.